Orodha Moja, Kompyuta Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Kikao. Dakika arobaini, zote juu yangu. Ijumaa jioni mteja alikwama kwenye lifti tunayoihudumia ya jengo la madaktari wa meno, katikati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Zamu ya simu ilikuwa yangu, nyumbani. Nikampigia Fundi Mkuu kwa namba iliyomo kwenye kompyuta ya nyumbani. Akapokea mama mmoja muuza magodoro! Kumbe Fundi kabadilisha namba tangu Januari, na namba mpya iko kwenye kompyuta ya ofisini tu. Mteja alikaa mle masaa mawili mazima. Alipotolewa, kabla hata ya kuomba maji aliuliza jina la mwenye kampuni. Mkurugenzi kalirudia hilo mara tatu, kila mara akinikodolea macho mimi.

Uamuzi: orodha ya namba ya ofisini na yangu ya nyumbani ziwe kitu kimoja. Mtaalamu wa kompyuta anaita "kulandanisha". Viatu vyake vina ncha kama penseli. Anasema ni kazi ya dakika tano.

Jumanne, 4 Machi

Dakika tano zilianza saa nne asubuhi zikaisha saa kumi. Mtaalamu alikuja mpaka sebuleni kwangu, akaketi kwenye kompyuta, pacha wangu mmoja kulia, mmoja kushoto, wanamuuliza kila kitufe kinafanya nini. Akaniuliza kama kuna cha siri kwenye orodha yangu. Nikamwambia mimi sina siri.

Mimi!

Jumatano, 5 Machi

Jamani. Orodha zimekutana na zimezaana. Kila mtu yuko mara tatu. Fundi Mkuu ana namba mpya, namba ya zamani, na ya tatu ambayo ni ya kinyozi wa Baba Pacha. Mama wa magodoro nimempigia tena bila kukusudia. Kasema ninunue godoro au nimwache afanye kazi zake.

Na majina yangu ya nyumbani yameingia ofisini. Yote! "Mama Mkwe — vuta pumzi kwanza." "Shangazi — usipokee Jumapili." Ofisi nzima imesoma, wengine kwa sauti. Mtunza stoo kajikuta anaitwa "Bwana Kesho". Nikamweleza ni jina la heshima. Kauliza, heshima ya nini? Nikasema nitamjibu kesho. Ulimi huu! Hatujasalimiana tangu hapo.

Mkurugenzi nilimwandika "Mkurugenzi", basi. Woga nao una faida zake.

Alhamisi, 6 Machi

Nafuta waliojirudia. Mia tatu mpaka sasa. Baba Pacha kapiga: mbona daktari wa watoto hayupo kwenye kompyuta? Hayupo kwa sababu nimemfuta huku. Ndiyo kulandanisha kwenyewe, mume wangu.

Mchana Fundi Mkuu kapita mezani kuhakikisha namba yake imekaa sawa. Miaka ishirini na miwili anatambaa kwenye mashimo ya lifti. Siku hizi akikaa lazima ashike meza. Kaniambia kwa sauti ya chini kwamba kampuni ya ng'ambo ya barabara inamtaka. Kazi ya kufundisha, ya kukaa kitini, hakuna kupanda ngazi. Wanataka jibu Jumatatu kabla ya saa sita.

"Utaenda, Mzee?"

Akacheka. "Niende wapi, binti yangu? Hapa ndipo kwangu. Lifti zote za hapa najua zinavyokohoa."

Ijumaa, 7 Machi

Leo Mkurugenzi naye kataka kompyuta ya nyumbani kwake iunganishwe na ya ofisini. Mtaalamu kaunganisha. Dakika tano, kweli safari hii! Ila hakumuuliza kama ana siri. Mtu mkubwa haulizwi.

Saa nane na nusu orodha yake binafsi ikashuka kwangu yote. Kwangu peke yangu, maana tangu aibu ya Jumatano majina mapya hupitia kwa msimamizi wa orodha kwanza, ndiye mimi. Wafanyakazi wote tumo, kila mtu na maelezo yake.

"Stoo — mzito, lakini shemeji." Sasa naelewa mengi.

"Kompyuta — anajisikia." Hapo tumekubaliana.

"Simu — abaki. Haulizi maswali." Simu ni mimi. Miaka tisa nimekaa kiti hiki, na mimi ni Simu.

"Fundi Mkuu — magoti yamekwisha. Aondoke Juni. Asiambiwe mapema."

Nimeisoma mara nne. Kisha nikaenda chooni nikasimama tu, nikaacha bomba likimwaga maji.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia Baba Pacha. Kasema, "Usijiingize, Mama Pacha. Wewe si umeandikwa ubaki?" Kalisema kama vile nimeletewa cheti. Nikamuuliza, na ningekuwa mimi wa Juni? Akafungua redio.

Nampigia Fundi. Imezimwa. Asipokuwa na zamu huenda kwa binti yake na simu anaizima, kila mtu anajua. Mtu mwenye akili.

Jumapili, 9 Machi

Imezimwa. Shangazi kapiga. Nimepokea! Ndivyo nilivyochanganyikiwa.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika haya hapa hapa mezani.

Fundi kaingia saa tatu. Sikutafuta maneno, nimegeuza tu kioo cha kompyuta kimwelekee. Kavaa miwani, kasoma kwa kidole, mstari mmoja mmoja. Nilidhani atatukana. Kauliza, "Juni tarehe ngapi?"

Nikasema haijaandikwa.

"Nichapie."

Nimemchapia. Kakunja karatasi mara nne, katia mfuko wa shati, kaingia kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi. Mlango ukafungwa.

Saa nne na robo. Hakuna kelele. Bora zingekuwepo. Mtaalamu kapita na viatu vyake, kauliza kama mambo yanalandana.

Saa nne na nusu. Orodha imebadilika yenyewe, mimi sijagusa kitu! "Aondoke Juni" imefutika. Imekuja "Aondoke Desemba". Ndani nasikia Fundi anacheka, kicheko kirefu, cha mtu aliyekwisha kuamua. Sasa na Desemba imefutika. "Fundi Mkuu — abaki." Na bado anacheka. Saa sita iko mbali, na ng'ambo ya barabara ni hatua chache.

Ngoja.

Mstari wangu nao umeguswa. "Haulizi maswali" haipo tena. "Simu — abaki." Nimesubiri. Nimekunywa maji. Nimetazama tena.

"Simu —"

Na mbele yake peupe. Mkurugenzi bado hajaandika.