Nilimkataza Mke Wangu Kikapu Kabla Sijamwona Akicheza

Shikamoo Mama Restituta. Nina jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa na hapa Mwamkulu sina wa kumwambia, naomba unisaidie.

Mimi ni Gervas, fundi pikipiki. Mke wangu Lusia ni mwalimu wa shule ya msingi, tuna miaka sita kwenye ndoa na mtoto mmoja, ni mpole, akiongea nyumbani lazima usogee ndiyo umsikie, na tangu mwaka jana anachezea timu ya kikapu ya wanawake ya Mpanda mjini, mimi sikuwahi kwenda kumtazama, ila kaka yangu Hilari akaanza kuniambia mkeo anakimbia na kaptula mbele za watu na wewe umekaa tu, basi nikamwambia aache. Hakubisha. Alisema, "Niache nicheze mechi ya Jumamosi, halafu nitarudisha jezi."

Jumamosi hiyo nilimdanganya naenda Sitalike kutengeneza pikipiki, nikaenda uwanjani, nikajificha nyuma ya watu nione hayo ya Hilari. Mama, kaptula sikuiona. Zimebaki sekunde kumi na mbili, timu yake iko nyuma kwa pointi moja, mpira anao yeye, sisi wote tunapiga kelele akimbilie goli, yeye anaudunda taratibu, akainua ngumi akapaza sauti, "Sitalike!" Nikashtuka, nikajua nimekamatwa, kumbe ndilo jina la mpango wao, maana wenzake wote wanne walihama kwa pamoja, dada mmoja mrefu, Nyanzala, akaja kumzibia njia yule aliyekuwa anamkaba Lusia, Lusia akapita, Nyanzala akageuka kukimbilia goli mikono juu anaomba mpira, Lusia akamtazama, mabeki wakamkimbilia, uwanja mzima tukamtazama Nyanzala, na mpira ulishakwenda kona ya upande mwingine kwa Minza, amesimama peke yake, hakuna aliyemkumbuka, akarusha, ukaingia. Lusia hakumwangalia Minza hata mara moja. Alijua tu yuko pale.

Watu waliruka, mimi nilishindwa hata kupiga makofi, mwili unanisisimka, najiuliza miaka sita nimeishi na nani. Halafu nikamwona anakunja jezi, anamkabidhi kocha kwa mikono miwili.

Nyumbani akaniambia, "Nimeirudisha." Nikajibu, "Vizuri." Neno hilo ndilo linaninyima raha, maana timu inakwenda kucheza Sumbawanga na yeye anasahihisha madaftari kama hakuna kilichotokea. Nikisema nilikuwepo atajua nilimdanganya, na Hilari atanicheka. Nifanyeje?

Gervas, Mwamkulu

Marahaba, Gervas. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ni kwa sababu ya mpira ule wa kona. Mimi mwenyewe nimesisimka.

Nakuonea huruma, lakini kidogo. Ulikwenda uwanjani na macho ya Hilari ukarudi na ya kwako, sawa, wengine hata hapo hawafiki. Lakini mke amesimama mbele yako amekupa nafasi ya kusema, unasema "vizuri"! Mtu mzima na akili zako.

Leo akitoka shule mwambie ulikuwepo, na Sitalike hukufika. Akikasirika, mwache akasirike. Usianze na "nimekuruhusu", anza na "nilikosea". Halafu msimulie ulivyonisimulia mimi, ile ngumi, Nyanzala, Minza. Mfungaji hupongezwa na kila mtu. Sidhani kama kuna aliyewahi kumwambia Lusia kwamba ameiona akili yake ikifanya kazi.

Jezi usiende kuichukua wewe. Muulize kama bado anaitaka. Akikubali, mpeleke kwa kocha, wewe ubaki nje kwenye pikipiki aongee mwenyewe. Siku za mazoezi mtoto ni wako na jiko ni lako. Akikataa, usimlazimishe kucheza kama ulivyomlazimisha kuacha. Hilari akicheka, mwambie aje atazame kwanza.

Hukuniandikia timu inaondoka lini. Nadhani hujui. Funga gereji mapema leo, ukamuulize.