Kanzu Isiyokatwa

Raskazone, Tanga

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo mama. Kifua chako kinaendeleaje? Na paa la ukumbini, mmewahi kuliezeka kabla ya vuli? Mimi sina ugonjwa. Nala, nafua, napiga pasi nguo za Mzungu. Barua hii nimeiandika kwa hati za Kiarabu ili uisome mwenyewe, isipite kinywani mwa karani.

Najua habari za Bwana Athumani, katibu wa chama mtaani kwetu, zimefika huko Mkwaja. Aliuawa njiani akitoka kuzungumza na wakata mkonge. Usilolijua ni kwamba mimi ndiye niliyemwosha.

Waliomwokota walimpeleka nyumbani kwake, tukaitwa mimi na Mzee Juma, ninayeosha naye siku zote. Nilifanya ulivyonifundisha: maiti havuliwi kama mtoto, akakunjwa mikono, nguo hukatwa. Nikatia mkasi ulionipa, nikakata kanzu yake toka shingoni hadi pindoni, kisha mikono yote miwili. Hatujamaliza, wakaingia askari na mkubwa wao. Wakamchukua Bwana Athumani kwa daktari, wakaifungasha na ile kanzu niliyoikata. Jioni walimrudisha, tukamwosha, tukamzika. Kanzu haikurudi.

Baada ya siku chache akakamatwa Kombo, mgema wa tembo. Marehemu alikuwa akiwakataza watu tembo, na Kombo alisikiwa sokoni akisema, "Huyu iko siku nitamkata!" Maneno ya hasira, baba. Wangapi tumeyasema?

Siku ya kesi nilikwenda kusikiliza. Ikaonyeshwa kotama, kisu chake cha kugemea, ikasomwa karatasi ya daktari, maana daktari mwenyewe alikuwa likizoni Ulaya: marehemu alichomwa kifuani, uso kwa uso. Kisha wakainua kanzu. Ilikuwa na damu na tundu moja kifuani. Mgongo mzima. Shingo nzima, mikono mizima, haina hata alama ya mkasi.

Waliotengeneza kanzu ile hawajapata kuosha maiti wa Kiislamu.

Nilirudi nikapiga pasi, nikaunguza shati la Mzungu, nikasimama naangalia moshi. Moyo ulikuwa umeingia ganzi. Nilikusikia wewe tu: "Maiti ni amana, mwanangu. Ulichokiona chini ya shuka, kizike naye."

Siku ya pili mama yake Kombo aliningoja nje ya mahakama.

"Wewe ndiwe uliyemwosha," akaniambia. "Mwanangu ndiye aliyemkata?"

"Maiti hasemwi, mama."

"Haya. Aliyekufa umemsitiri. Na huyu aliye hai atasitiriwa na nani?"

Hakulia. Angelia ingekuwa rahisi kwangu kuondoka. Nikaenda kwa wakili wa Kombo.

Aliponiita mbele ya jaji, nilidhani nitasema la mkasi basi, la mwili nilifiche. Niliomba kuishika kanzu, nikaipindua ndani na nje. Mimi dobi, nguo iliyokatwa ikashonwa siwezi kuikosa. Haikuwa na mshono hata mmoja usio wake. Nikasema, "Hii siyo niliyoikata." Wakili akaniuliza jeraha lilikuwa wapi. Nikaanza kuikunja kanzu. Akauliza tena. Nikamtazama Kombo, alikuwa akitazama miguu yake.

Nikasema, "Mgongoni. Tundu dogo la duara, la risasi. Kifuani ndipo palipopasuka."

Watu wakaguna. Tangu azikwe walikuwa wakisifu kwamba alikufa akimkabili adui yake. Sasa wako wanaosema alikuwa anakimbia. Mjane wake alijifunika ushungi uso wote, na tangu siku ile haitikii salamu yangu. Mwendesha mashtaka naye akaniuliza, "Siri ya maiti umeivunja, tukuamini kwa lipi?"

Jaji alitaka kanzu iletwe tena aitazame. Askari wakasema ghalani haionekani. Juzi Kombo ameachiwa. Nani aliyekuwa na bunduki, hakuna aliyeuliza. Mama yake ameniletea jogoo. Nimemfunga mguu uani, sijamchinja. Nilidhani nitafurahi, baba. Sioni furaha wala huzuni.

Jana alikufa mwuza kahawa wa karibu na msikiti. Nilikwenda na mkasi wangu kama kawaida. Mzee Juma akanipokea mlangoni, akanishika bega kwa upole.

"Leo tumetimia, Shabani. Wewe kaa barazani upokee watu."

Nilichungulia ndani. Walikuwa wawili tu, yeye na kijana aliyeshika mahali pangu. Nikakaa barazani, nikapokea watu.

Nisalimie shangazi, mwambie kanga zake nimezipata na zitakuja. Msalimie mwalimu wa chuo aliyenitia adabu, na jirani yetu mshona makuti. Mama mwambie nakula vizuri, na haya mengine usimsomee.

Huyu aliyekuletea barua anao na mkasi, nimeufunga kitambaani. Ukiona ni haki, mpe mdogo wangu Rajabu, umfundishe. Mkono wake ni mwepesi. Maana siku yako ikifika, Mungu aiweke mbali, hutakuwa na kinywa cha kusema unataka kuoshwa na nani. Kwa hiyo nakuuliza sasa. Ukinitaka mimi, nirudishie mkasi. Mkasi usiporudi nitaelewa, na siku hiyo nitakuja nikae barazani, nipokee watu.

Nakuomba radhi, baba.

Ni mimi mwanao,
Shabani