Msichana wa Dawati la Pili

Riyadh, 9 Februari 2024

Dada Adhiambo,

Habari za huko Jeddah? Miguu bado inakuvimba ukitoka zamu hospitalini? Mimi ni mzima, kifua kimepoa na ile dawa nimeimaliza. Simu zetu hazikutani, wewe ukiamka mimi niko kazini, kwa hivyo nimeona nikuandikie.

Kuna jambo limenikaa rohoni. Hapa sinema ya Olaya ninapolinda mlango kuna mfagiaji, Mtamil wa makamo, jina lake Murugesan. Sisi humwita Muru. Ndiye aliyenionyesha mji nilipofika, akanipeleka soko la Batha kununua viatu nisipunjwe. Mkewe alifariki. Amebaki na binti mmoja, Malar, anayesomea uhandisi kwao India, na miaka sita sasa humwona kwenye simu tu.

Wiki hii tumeletewa filamu ya Kitamil, mapenzi ya chuoni: kijana wa pikipiki, msichana mkali anayeongoza darasa, na mvua kila wakiangaliana. Watamil wanajaa, wanapiga mbinja mpaka kuta zinatetemeka. Wafagiaji huingia filamu ikikaribia kwisha, husimama nyuma na mifagio yao. Jana Muru aliingia wakati wa mtihani wa mwisho. Pale kwenye skrini, dawati la pili, kando ya yule msichana mkali, alikuwa amekaa Malar. Aligeuka, akamnong'oneza mwenzake maneno machache, basi.

Muru alinijia mlangoni bila mfagio.

"Frank, mtoto wangu. Chuo mafi, hakuna. Ameacha chuo, amekwenda sinema."

Nikamwambia labda ni mtu anayefanana naye. Akanitazama vibaya. "Mimi baba," akasema.

Nimwambie nini mtu kama huyo?

Mdogo wako,
Frankline

Jeddah, 14 Februari 2024

Mdogo wangu Frank,

Nimefurahi kifua kimepona. Usiache sweta, hicho kiyoyozi cha sinema ndicho kinachokuua. Mama amenipigia kutoka nyumbani, anakusalimu sana, na magoti yake leo hayamsumbui.

Barua yako nimeisoma wakati wa chakula, chai ikapoa mkononi. Mwambie huyo mzee amuulize binti swali moja tu: umeacha chuo? Kisha anyamaze, asikilize. Asianze na kelele. Wewe unajua Baba alivyomfukuza dada yetu Truphena kwa maneno ya jirani. Siku aliyokumbuka kumuuliza, Truphena alikuwa ameshaenda, na mpaka leo hatujui yuko wapi.

Mwambie leo, usingoje.

Dada yako,
Adhiambo

Riyadh, 5 Machi 2024

Dada,

Natumai u mzima, na zamu zimepungua. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio una kasoro.

Nilingoja. Nilimwona Muru amenuna, nikasema acha hasira itulie kwanza. Siku ya tatu nikamweleza maneno yako, lakini alikuwa ameshampigia Malar. Alimfokea, hakumpa nafasi hata ya kujibu, akamwambia asimpigie tena, akaifunga namba yake. Nilipomsihi aifungue alisema, "Halas, Frank. Yamekwisha." Tangu hapo tukawa tunasalimiana tu.

Sasa hata hiyo salamu imekwisha. Kampuni yao imepata kazi huko kwenu Jeddah, ya kufagia vichochoro vya Balad, mji wa kale, na jana wafagiaji kumi walipakiwa kwenye basi. Muru alikuwa wa mwisho kupanda. Nilimwandikia namba yako, nikamwambia akipata shida yoyote akupigie. Akaiweka pamoja na ikama yake, kile kibali cha ukaazi. Hakunikumbatia. Alinipa mkono tu, kama watu waliokutana asubuhi ile.

Mdogo wako,
Frankline

Jeddah, 21 Juni 2024

Frank,

Hujambo? Najua nimekaa kimya miezi mingi. Huyo mzee hakunipigia hata mara moja, nikadhani mambo yake yametengemaa.

Juzi nilipigiwa simu na mwenzake. Muru alianguka Balad saa saba mchana, mfagio mkononi, joto lile unalolijua. Ni kiharusi. Upande wa kulia umepooza, na hasemi. Walikuta namba yangu penye ikama yake.

Hakuletwa hospitali yangu, kwa hivyo nilikwenda kama mgeni. Mlangoni waliniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema rafiki. "Rafiki mafi. Ndugu tu." Nikasema mimi ni nesi. Wakaniuliza, nesi wa hapa? Nikarudi nyumbani. Leo nimekwenda tena, jibu ni lile lile.

Frank, mtafute binti yake. Mtu fulani lazima amwambie.

Dada yako,
Adhiambo

Riyadh, 24 Juni 2024

Dada,

Shikamoo, na pole kwa kuzungushwa. Nimempata Malar, yule mwenzake Muru wa Balad aliyekupigia ndiye aliyenipa namba.

Hakuacha chuo. Watu wa filamu walikuja chuoni kwao wakati wa likizo, wakataka wanafunzi wa kujaza madawati. Alikaa siku mbili. Siku ya pili wakampa maneno ya kusema, akayasema. Muhula ulipofunguliwa alirudi darasani na wenzake. Mwezi uliopita alifanya mitihani yake ya mwisho, akafaulu yote.

Nikamuuliza, kwa nini hukumwambia baba yako mapema? Akasema alijua filamu itafika Riyadh, na baba yake anafagia sinema. Alinyamaza makusudi. Alitaka siku moja baba yake ainue macho tu amwone, afurahi.

Dada, nimemweleza hali ya baba yake, anataka kuja.

Hana pasipoti, na hata angekuwa nayo, nani angemletea viza? Nimemwomba bosi siku tatu nije Jeddah. Amesema ijaza mafi, hakuna likizo, yalla, rudi mlangoni. Malar amerekodi sauti yake. Nakutumia. Tafadhali jaribu kumfikishia.

Mdogo wako,
Frankline

Jeddah, 1 Julai 2024

Mdogo wangu,

Natumai umelala vizuri kuliko mimi.

Nimeingia. Kuna nesi Mfilipino alinihurumia, akaniambia dakika tano. Muru amekonda, Frank. Nimemsalimu kwa jina lako, nikamwekea simu sikioni. Sauti ya Malar inaongea Kitamil, sielewi hata neno, ila "appa," ambalo nadhani ni baba, kwa sababu amelirudia mara nyingi. Nimemwonyesha pia ile picha uliyonitumia ya matokeo ya mitihani ya Malar.

Chozi limemtoka jicho la kushoto. Najua ungependa niishie hapo. Lakini mimi ni nesi, siwezi kukudanganya. Wagonjwa wa namna hii hutoka machozi hata kama hawakusikia lolote. Nimemshika ule mkono ulio mzima, nikamwambia anibane vidole kama ameelewa. Nimengoja mpaka nikaambiwa muda umekwisha.

Sijui, Frank. Kweli sijui.

Dada yako,
Adhiambo

Riyadh, 10 Julai 2024

Dada,

Mbona kimya? Uko salama?

Malar hupiga kila siku nikitoka kazini. Swali lake ni moja: alisikia? Nimemwambia ndiyo, alisikia, alikubana vidole. Usinigombeze. Siku ya kwanza alilia kwa furaha, na tangu hapo anataka nimsimulie tena, alibana kwa nguvu au polepole, mara ngapi. Kila siku naongeza kidogo.

Niandikie basi. Nimwambie nini kesho?

Mdogo wako,
Frankline

Jeddah, 12 Julai 2024

Frank wangu,

Pole. Kaa chini kwanza.

Muru alifariki tarehe tisa, asubuhi. Hakuna aliyeniita. Nilikwenda na uji kwenye chupa, nikakuta Mwarabu kijana amelala kitandani pake. Yule Mfilipino hakuwa zamu. Mwingine aliangalia kitabu akasema, "Halas, madam."

Mwambie Malar wewe, kwa upole. Muulize anataka baba yake azikwe hapa au arudishwe. Kama ni kurudishwa, pasipoti ya Muru iko ofisi ya kampuni huko Riyadh. Hapo ndipo utaanzia. Na hilo la vidole usilirekebishe. Nimefikiria sana, nimeshindwa kukuambia ulirekebishe.

Dada yako,
Adhiambo

Jeddah, 6 Agosti 2024

Mdogo wangu Frank,

Salamu za upendo. Mama amesikia yote, anakuombea wewe na huyo binti.

Najua ulivyohangaika na ile ofisi ya kampuni kule Batha: karani hayupo, muhuri hakuna, njoo Jumapili. Mara saba, na kila mara umetoka kazini bila kulala. Leo angalau nina la kukuambia. Mwili wa Muru umeondoka.

Nimechukua teksi mpaka uwanja wa ndege, upande wa mizigo. Nilikuwa nimevaa vizuri, sijui kwa nini, lile gauni la buluu. Askari wa getini amesoma karatasi zangu zote, kisha akauliza lile swali: "Wewe ni nani wake?" Nimesema, "Dada." Ameangalia ikama yangu, ameangalia jina la Muru, akanirudishia. Hakunicheka. Alinionyesha tu kivuli cha ukuta ng'ambo ya barabara, nisiungue na jua.

Kutoka pale huoni ndani. Unaona ndege zikishainuka juu ya ukuta. Alasiri nzima zimepaa tatu, na sikuwa na mtu wa kumuuliza ipi ni yake. Nimesimama kwa kila moja.

Dada yako,
Adhiambo