Awadhi kavundika mawaridi

Goodluck, acha kila kitu usome hapa. Awadhi kavundika maua. Ndiyo, Awadhi wetu wa ndizi, hapa hapa Kariakoo!

Si unajua mkewe Hajira alirudi kwao Buguruni, hataki hata kusikia suluhu? Basi jamaa kamwagizia mawaridi mtandaoni, moja kwa moja kutoka shambani Arusha. Yamefika juzi bado yamefumba, ndivyo yanavyosafirishwa. Yeye akang'aka, "Wameniletea mabichi!" Akayatia kwenye gunia pamoja na ndizi, akafunga kamba, yaive.

Maua, Goodluck. Kwenye gunia la ndizi!

Leo Hajira kaja kudai ufunguo wa chumba akatoe nguo zake. Awadhi kafungua gunia kwa mbwembwe. Mawaridi yametoka kahawia, yamelegea kama mchicha uliochemshwa. Akajua mke ndiyo basi tena.

"Umeyavundika?" Hajira akauliza.

"Nilitaka uyakute yameiva, mke wangu."

Mwanamke akacheka mpaka akakalia tenga. "Na mimi nikirudi utanivundika?"

"Wewe mbona umeiva zamani."

Mungu wangu! Nikafumba macho.

Nilipofumbua, Hajira kashakunja mikono ya baibui, anapanga ndizi mezani huku anamtukana.