Sungusungu wa Mwilini Mwangu

Mpwa wangu Nyangeta, wasalimie wote hapo Guta, mama yako kwanza.

Nimelazwa Musoma, kitanda cha dirishani, ziwa lote ni langu. Ule uso uliovimba, niliosema ni unene wa kushiba, kumbe ni figo. Daktari, binti wa Butiama, amenieleza: nina virusi vya homa ya ini, kinga yangu inapigana navyo, na vita hiyo ndiyo inayoumiza figo.

Nikamwambia, "Ukoo wetu huwaga mkali, daktari. Hiyo kinga ni sungusungu, walinzi wa kijiji. Wamefuata mwizi, wakampiga mpaka mwenye nyumba."

Wodi nzima ikacheka. Yeye akanitazama tu. "Baba, mwenye nyumba ni wewe."

Nikamwomba dawa palepale.

Sasa nameza vidonge vya kupunguza virusi ili sungusungu wapoe, na samaki sato nala bila chumvi, kama natafuna pamba. Miguu nayo iliyovimba imeanza kuingia tena viatuni. Mwambie mama yako asinitumie tena ile mizizi ya kuongeza kinga, huku kinga imezidi. Na nyie mkapime homa ya ini.

Mungu awalinde, ila kwa upole.

Mjomba wako, Mafuru