Maziwa Uliyonichagulia

Mama yangu mpendwa,

Juzi mdogo wangu Yosefu alinipigia simu kutoka kambini Nakivale, akaniambia nyasi zimeota vizuri juu ya kaburi lako, lakini ng'ombe wa jirani ameingia akazila zote kabla yeye hajamaliza kujenga uzio. Alikuwa amekasirika sana. Mimi nilicheka, maana nilikusikia kabisa ukisema, "Mumuache akule, iko na njaa."

Nilipomaliza kucheka nikakumbuka kwamba sikukueleza jambo la zile chupa kumi na nane. Nilikuwa na miaka tisa ya kukueleza. Kila nilipokuja kwako nilisema moyoni, safari ijayo. Umekufa ukiamini kwamba uliniharibia kazi, na si kweli. Naandika mahali ambapo wengine pia watasoma, kwa sababu wako mabinti wa kambi sasa wanaofanya kazi kama yangu, na mama zao wanawapenda kama ulivyonipenda wewe.

Unanijua, siwezi kueleza jambo bila kuanzia mwanzo. Nivumilie.

Tulipofika Uganda nilikuwa na diploma ya biolojia kutoka Bukavu, kwa Kifaransa, uliyokuwa umeikunja ndani ya Biblia yako isilowe. Nilikuwa nimefundisha sekondari miaka kumi na miwili. Mbarara waliigeuza ile karatasi mbele na nyuma, wakanirudishia kwa heshima, wakanipa kazi ya kuosha vioo vya maabara. Uliponiuliza ninafanya nini huko, nilisema ninaosha vyombo.

"Bya bazungu?"

"Hapana, mama. Bya mikrobe."

Ulicheka, eti vidudu vya magonjwa navyo vina vyombo, mpaka ukashika ukuta. Lakini Jumapili ile ile ulisimama kanisani ukashuhudia kwamba mtoto wako ni docta, na tangu siku hiyo wazee wa kanisa wakawa wananionyesha mlangoni magoti yao yanayouma.

Nilijifunza Kiingereza nikiwa na miaka arobaini na miwili, nikasoma upya pamoja na vijana waliokuwa wakiniita madamu, nikapata cheti cha hapa na meza yangu mwenyewe. Watu wa maabara walinitendea vyema, nisiwasingizie. Ila kuna kutendewa vyema kunakokufanya uogope kukosea. Mwenzangu mmoja alipoharibu mashine, ikasemwa mashine imezeeka. Mimi nilipoandika namba moja vibaya kwenye daftari, mwenzangu huyo huyo aliuliza, akitabasamu, kama Kongo tunahesabu vingine. Ni mzaha tu, lakini ukiwa mwanamke, tena mkimbizi, unarudi kwenye meza yako ukihesabu kila kitu mara tatu.

Kisha ikaja kazi ya kupima maziwa ya Nakivale. Mkuu wetu wa maabara, mama wa Kinyankore mwenye sauti ndogo, alisema, "Apewe yeye. Anawajua watu wake." Nilitembea siku nzima kama niliyevikwa taji.

Ugonjwa wenyewe ni brusela. Ng'ombe akiwa nao hutupa mimba, na maziwa yake huonekana safi tu, matamu, yenye mafuta. Mtu akiyanywa mabichi hushikwa na homa inayokwenda na kurudi, viungo vinauma, na mwanamke mjamzito anaweza kupoteza mtoto. Nilikuwa na sababu ya kuufikiria usiku na mchana. Furaha, mke wa Yosefu, aliyekuwa akiishi nawe nyumba moja, alikuwa amepoteza mimba mbili, na sisi watu wa ng'ombe tulikua tukiambiwa kwamba maziwa yakichemshwa, kiwele cha ng'ombe kinakauka.

Kipimo chake ni kizuri kukitazama. Unatia tone la dawa yenye rangi ndani ya maziwa, unayaweka kwenye joto kama la mwili kwa muda wa saa moja. Ng'ombe akiwa mgonjwa, rangi hupanda pamoja na mafuta ya maziwa na kufanya pete ya zambarau juu, chini pakabaki peupe. Akiwa mzima, pete haiji.

Sheria ya kazi niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe: anayechukua maziwa asimame karibu na ng'ombe, aone anavyokamuliwa. Nilipofika kwako na chupa zangu jioni ile nikakusomea sheria hiyo, ulinitazama kutoka kwenye kigoda chako.

"Utasimama nyuma yangu uniangalie nikikamua? Mimi mama yako?"

Nikaona haya. Nikakuachia chupa kumi na nane uzigawe kwa majirani, moja kwa kila ng'ombe, nikaenda kulala kijiji cha Misiera. Asubuhi nikazikuta zimejaa, zimepangwa juu ya kitambaa cheupe kama vitu vya harusi. Nikakushukuru. Nikakubusu.

Nilipozipima Mbarara, zote kumi na nane hazikuwa na pete. Mkuu alifurahi, mimi nikafurahi. Mtu pekee ambaye hakufurahi alikuwa dereva wetu Tumwine, mtu wa Kabingo, mwanajeshi wa zamani.

"Mama, hii maziwa yako ilitoka kwa ng'ombe ngapi?"

"Kumi na nane."

"Na yote iko safi? Mimi niko na ng'ombe sita tu nyumbani, na mbili iko na hiyo ugonjwa. Ng'ombe ya mukimbizi inakula dawa gani? Niambie na mimi ninunue."

Nilicheka naye. Halafu mkono wangu ukaacha kuandika. Nikamwomba anirudishe Nakivale kesho yake.

Nilikukuta unachambua maharage na Furaha. Nilikuuliza maziwa ya zile chupa yalitoka kwa ng'ombe gani, nawe ukajibu bila wasiwasi wowote, kwa fahari.

"Ya Mama Rebeka moja, ya muzee Gedeoni mbili, chupa zote tulijaza pale. Njo ngombe zenye maziwa mazuri kuliko zote. Nilizunguka kila nyumba, nikasema, hii maziwa inaenda Mbarara, bakubwa ba mutoto wangu bataiangalia. Musiniletee ya ngombe mugonjwa, batamucheka."

"Na Bihogo wako?"

Ulirudi kwenye maharage. Bihogo ndiye ng'ombe uliyemlea kwa mkono tangu ndama, na sasa mlikuwa mnakunywa maziwa yake.

"Bihogo alitupa mimba tena," ulisema. "Ningekupa ile haya uibebe mpaka Mbarara?"

Furaha akaweka ungo chini. "Wifi," aliniuliza, "kwa hiyo mimba zangu, ni maziwa?"

Niliuvuta ule ungo kwangu, mama. Nilikuwa nimesoma nchi mbili kwa lugha mbili ili siku moja nimjibu mwanamke kama yule swali kama lile, na chupa ambayo ingenipa jibu sikuwa nayo. Kwenye karatasi zangu za Mbarara ilikuwa imeandikwa kwamba kijiji kizima ni kizima.

Hakuna aliyejua. Njiani kurudi nilifikiria kunyamaza. Nilimfikiria yule mwenzangu na tabasamu lake, nikafikiria itakavyosemwa: tulijua. Nikafikiria pia Furaha akinywa kikombe chake cha asubuhi kwa sababu mimi nimeandika kwamba hakuna shida. Nikaingia kwa mkuu, nikamwambia chupa ni kumi na nane lakini ng'ombe ni watatu, na kosa ni langu.

Mwenzangu yule alikuwemo. "Si tulimpa kwa sababu anawajua watu wake?"

Mkuu hakumtazama. "Na wewe ungeletewa nini? Ungeletewa chupa hizo hizo, na usingejua mpaka leo."

Kisha akanigeukia mimi, akasema nitarudia kazi yote, na kwamba taarifa itakapopelekwa Kampala, nitaachwa nyumbani. Ikawa hivyo. Alikwenda mwenzangu.

Siku ya kurudia nilikuja nikiogopa kwamba umekasirika. Ulikuwa umekwisha kutoka nje na ndoo. Ulimkamua Bihogo mbele ya kijiji kizima, wa kwanza, ukitazama mbele tu, huku mimi nikiwa nimechuchumaa kando ya mguu wake wa nyuma. Halafu ukapita mbele yangu nyumba kwa nyumba ukipaza sauti: "Mulete ile mubaya! Ile munaficha, njo anataka!" Mama Rebeka akakujibu kutoka zizini, "Jana ulisema nzuri, leo mbaya, wewe muzee unatusumbua!" Wanawake walicheka, lakini walileta.

Chupa saba zilifanya pete. Ya Bihogo ilikuwa nzito kuliko zote.

Ulimtoa Bihogo akachinjwe, na nyama yake hukuionja. Wiki hiyo ulibandika maziwa ya Mama Rebeka jikoni, ukayaacha yachemke. Furaha alipokutazama, ulimwambia, "Bihogo alisha kwenda. Tutaogopa kiwele gani ikauke tena?" Furaha akapimwa, akakutwa na ugonjwa huo, akatibiwa miezi kadhaa. Yule binti yake anayeitwa jina lako sasa yuko darasa la pili, na ni mkaidi.

Sasa nikueleze nililoliahirisha. Yosefu ndiye aliyekuambia kwamba sikupelekwa Kampala, nawe ukaamua kwamba ni wewe. Hukuniuliza. Lakini tangu hapo, kila niliposhuka garini, ulikuwa unatoka na ndoo kabla ya salamu, kwenda kukamua ng'ombe wa majirani mbele yangu, kunionyesha kwamba hunifichi kitu. Niliona. Nilidhani umeipenda kazi yangu. Nilichelewa kuelewa kwamba ulikuwa unaomba msamaha, kila safari, kwa kosa ambalo halikuwa lako.

Wewe ulifanya alichofanya kila mama: ulimchagulia mtoto kilicho bora. Mwanasayansi hapo alikuwa mimi. Mimi ndiye niliyejua kwamba sheria ile ina sababu, na mimi ndiye niliyeiacha kwa sababu sikujua namna ya kuwa binti yako na mpimaji wako siku moja. Kuwajua watu wangu kulinifungulia milango yenu, kukanifumba macho pia. Mkuu alilielewa hilo kabla yangu, na mwaka uliofuata akanikabidhi kuwafundisha wote wanaochukua maziwa vijijini. Kazi hiyo niliipata kutoka kwenye chupa zako. Ningekuambia hivyo, na ndoo ungeiweka chini.

Nina mabinti wawili wa kambi ninaowafundisha sasa. Mmoja, Aline, nilimtuma kwao, upande wa Ngarama. Alisimama kando ya ng'ombe kama nilivyomfundisha. Alirudi na chupa zake sawasawa, macho mekundu.

"Madamu, mama amenuna. Anasema nimemuchunguza kama mwizi."

"Na ng'ombe ulimwona akikamuliwa?"

"Nilimuona."

"Basi kazi umefanya vizuri. Jumapili urudi kwenu, usibebe chupa hata moja. Umkamulie yeye, akae."

Mimi sikurudi hivyo kwako hata mara moja. Nisamehe.

Aline ameomba ruhusa ya Jumatatu pia. Nimempa.

Ubakie muzuri, mama.

Mutoto wako wa kwanza