Daktari wa Ekslei

Berlin, Jumapili

Kwako mdogo wangu Khisa,

Habari za Tongaren? Mahindi yamekauka, ama mvua bado inawachezea? Mimi ni mzima, ila situlii. Nimechemsha chai mara mbili, na mara zote imepoa mezani.

Picha ya kifua cha Baba aliyopigwa Bungoma nimeiona. Unasema amekataa kurudi kwa daktari wa Kitale, ati, "Si Nekoye wangu ndiye anasoma ekslei? Asome kwanza." Tena ameshatangazia kanisa zima.

Khisa, mimi si daktari. Huku tunapiga atomu ya kaboni, hiyo ya makaa, kwa eksrei. Elektroni iliyo karibu kabisa na kiini inaruka, inaacha pengo, na nyingine inashuka kuliziba. Mwanga mdogo unaotoka hapo ndio ninaosoma. Kifua cha mtu sikijui. Hilo doa jeupe nimeliangalia mpaka macho yakauma, na bado sijui ni nini.

Nilianza kumwandikia ukweli huu, nikafuta. Ataona namficha kitu, na ataendelea kungoja huku akikohoa.

Kwa hivyo mwambie hivi: Nekoye ameisoma. Amesema uende Kitale kesho asubuhi, na lolote daktari atakalosema, ulifanye. Usiongeze neno. Akiuliza kama nililia, sema nilicheka vile anavyotamka.

Ni mimi dada yako, daktari wa ekslei,
Nekoye